Waya ya Elfu Thelathini na Nne

Shilingi elfu thelathini na nne. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Hiyo si bei ya spika, wala amplifaya, wala fahali. Ni bei ya waya. Waya mbili za kutoka kwa amplifaya hadi kwa spika, kila moja ndefu kama kutoka mlangoni kwangu hadi chooni, zimevalishwa soksi iliyofumwa kwa rangi ya dhahabu na kulazwa ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, kama jeneza la mtu aliyeacha mali.

Aliyenunua ni Atieno, binti wa marehemu kaka yangu, na kwetu hiyo maana yake ni binti yangu mimi, pamoja na hasara zake. Yeye na wanawake wenzake watano huuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Karungu. Kila mwaka kuna ile miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane kwa amani, na hao wanawake hukaa wakitazama ziwa kama mtu anayetazama nyama buchani huku mfuko hauna kitu. Mwaka huu wakasema hapana. Wakachanga, wakanunua spika mbili, amplifaya na mikisa ya kuchanganya sauti, vyote vya mkono wa pili, wawe wanakodisha matangani. Kifo hakifungwi msimu. Kilichobaki kununua kilikuwa jenereta, kwa sababu maboma mengi ya huku ama hayana stima, ama yana ile stima inayokimbia ikiona wageni. Pesa ya jenereta ndiyo iliyogeuka waya.

Alinipigia simu akitaka kujua habari za magoti yangu, za kuku wangu, za mvua. Nikajua ni pesa.

“Baba Mdogo,” akasema mwishowe, “ukiweka waya mzuri, si sauti inabadilika?”

“Umeshanunua ama bado unauliza?”

Akarudi kwa habari za kuku. Kwa miaka yangu yote ya kazi, anayerudi kwa kuku hapo ameshanunua.

Sasa nyinyi vijana wa grupu letu la mafundi, mnaoniuliza kila wiki kama waya za bei kubwa zina maana, leo nawajibu. Lakini mtavumilia. Fundi aliyezoea kulipwa kwa siku hajui kumaliza kazi kwa saa moja.

Wasionijua, mimi ndiye Jawaya, mtu wa waya. Jina hilo nilipewa na waombolezaji waliojikwaa juu ya kazi yangu kutoka Homa Bay hadi Migori. Nimetandaza waya chini ya miguu ya maaskofu, wanasiasa, wakwe wenye hasira na mbuzi. Nimestaafu, yaani magoti yalistaafu kwanza, nami nikayafuata.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Opiyo wa Homa Bay, mtu mzito wa kutoa sifa na mwepesi wa kutoa kofi. Kabla hajanipa bisibisi alinipa sumaku, aliyoing'oa kwenye spika iliyokufa. Akaniambia nilale nayo mfukoni. Nikadhani ni dawa ya biashara, maana siku hizo kila mtu mjini alikuwa na yake. Nilielewa siku niliyotoka Isebania na roli la waya nililonunua kwa bei ya kuona aibu, kutoka kwa mtu aliyesema ameitoa upande wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, na kwamba ananiuzia kwa hasara kwa sababu ya sura yangu. Nikaingia karakana kifua mbele. Mzee Opiyo alitoa sumaku mfukoni mwangu, akaisogeza karibu na waya, na waya ikairukia kama kiroboto anavyorukia mbwa.

Shaba haishikwi na sumaku, vijana. Nilikuwa nimenunua chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mzee Opiyo akaniuliza kama nimenunua waya ya muziki ama ya kufungia ng'ombe. Akaichukua, akaifunga kutoka pembe ya nyumba yake hadi kwenye mpera, na hadi leo mjane wake huanika nguo juu yake. Kwa kazi hiyo sijawahi kusikia ikilalamika.

Baadaye walaghai wakaerevuka, wakaacha chuma wakaingia alumini. Alumini haishikwi na sumaku pia, kwa hivyo sumaku peke yake itakudanganya. Hapo toa kisu. Kwaruza unyuzi mmoja taratibu. Ukiwa mwekundu hadi ndani, lipa. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, huyo ni alumini aliyejipaka poda, na ukimkunja mara chache anakatika. Halafu beba roli mkononi. Shaba ni nzito, haina haya na uzito wake. Muuzaji akikataza usikwaruze, mshukuru, muage, uende duka la pili. Amekuambia kila kitu bila kutaka.

Nikirudi kwa swali lenu: je, waya ya bei ni bora? Mzee Opiyo alikuwa akisema waya ya spika ni kama mrija wa pombe ya wazee. Ukiwa mfupi, hata mwembamba unapitisha. Ukiwa mrefu na mwembamba, mtu wa mwisho ananyonya hewa. Kwa hivyo ukiwa na spika hapa na amplifaya hapa, weka chochote kilicho shaba na uende ukale. Ukitaka kupeleka spika hadi langoni ili wapita njia wajue nani amekufa, nunua nene. Nene, nimesema, sijasema ghali. Unene unaupima kwa kidole. Ughali unaupima kwa machozi.

Na hata waya bora duniani haimshindi ng'ombe. Kule Ndhiwa nilipitisha waya nzuri sana kando ya zizi, nikajisifu kwa kuificha vizuri chini ya majani. Mchungaji alikuwa amefika mahali pa kusimamisha nywele: “Na Bwana akasema—” Kimya. Waombolezaji wote wakangoja kusikia Bwana alisema nini. Walingoja sana. Nilipofuata waya hadi zizini nilimkuta ng'ombe mwekundu akitafuna taratibu, macho yamefumbwa nusu, kama mzee wa kanisa aliyeguswa na mahubiri. Tangu siku hiyo waya zangu hupita juu ya miti au ndani ya bomba, na majani nayaachia wenye majani.

Nimewahi kukosea upande wa pili pia, msije mkasema Jawaya ni bahili tu. Kule Isebania kulikuwa na Mkuria mmoja, Chacha, mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira. Alinunua waya ya HDMI fupi ya bei ya kutisha, ya kutoka dekoda hadi kwa skrini, akiamini nyasi za uwanja zitakuwa kijani zaidi. Nilimcheka. Nikamwambia waya ya aina hiyo ni kama mwanabodaboda aliyetumwa na barua. Akifika, barua ni ile ile, awe amevaa suti au kanda mbili. Asipofika, hajafika. Chacha akanielewa kuliko nilivyotaka. Akanunua projekta, akaiweka mwisho kabisa wa ukumbi, akaenda kutafuta waya ndefu ya rahisi kuliko zote zilizoko mpakani, kwa sababu Jawaya amesema waya ni waya.

Kipindi cha kwanza picha ilikuwa na madoa meupe kama mtu amenyunyiza chumvi. Watu wakavumilia. Kipindi cha pili ikatolewa penalti, mpigaji akarudi nyuma, akavuta pumzi, na skrini ikawa bluu. Sitawaeleza yote. Chacha alirudisha kiingilio kwa watu wengi kuliko walioingia, nami nilikaa nyuma ya spika hadi sauti zilipopungua. Kwa hivyo andikeni: fupi, ya rahisi inatosha. Ndefu, boda wa rahisi anaishiwa mafuta njiani. Hapo ongeza pesa kidogo, au nunua ile yenye kifaa chake cha kusukuma picha, na uijaribu kabla watu hawajalipa.

Haya. Nilishuka Migori na Atieno na lile sanduku lake la kitambaa chekundu. Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Felix, viatu vyeupe, meno meupe, mdomo umepakwa siagi. Hakuniogopa. Nilimpenda kidogo kwa hilo.

Nikamwomba anieleze waya. Akanieleza kwamba kopa ya ndani, yaani shaba, haina oksijeni.

Nikamwambia, “Kijana, hata marehemu hana oksijeni, na hatumtozi zaidi.”

Akacheka, na akaendelea. Akanionyesha mshale mdogo uliochorwa kwenye soksi ya dhahabu: sauti inatakiwa ipite upande huo, ikipita upande mwingine inachoka. Akasema pia kwamba waya hiyo ikiwa mpya haijafunguka, inatakiwa ipigwe muziki siku kadhaa ndipo izoee kazi. Nikamjibu kwamba kwetu anayezoeshwa kazi ni ng'ombe wa plau, na hata kwa yeye mtu hatozwi kabla hajalima. Lakini niliona Atieno anainamisha kichwa. Yale yote aliambiwa na akayaamini. Si ujinga. Mtu aliyeuza omena kwa debe maisha yake yote anajua kwamba debe la rahisi lina mchanga chini. Alifikiri waya ni kama omena.

Tukaanza kuvutana. Felix akasema pesa hairudi, na akanionyesha kibao ukutani kinachosema hivyo. Nikamwambia kibao ni chako, mkono ulioandika ni wako, hata ukutani kungeandikwa kwamba wewe ni mkwe wangu bado ningetaka mahari. Wanabodaboda waliokuwa kivulini wakasogea. Katika mji wa Migori ukitaka mahakama, pandisha sauti kidogo tu mbele ya duka. Majaji hufika wenyewe na helmeti zao.

Nikaweka pendekezo. Felix aketi nje kwenye benchi, mgongo kwa duka. Spika iwekwe mlangoni. Yeye mwenyewe achague wimbo. Atieno awe anabadilisha waya ndani, mara ya dhahabu, mara nyeusi ya kawaida. Felix aseme ipi ni ipi. Akijua, tunabeba waya yetu tunaenda na tunamnunulia soda. Asipojua, tunazungumza kama wanaume.

Alikubali haraka. Anaiamini bidhaa yake, na hilo ndilo huwa linanisikitisha na wauzaji wazuri.

Mara ya kwanza akapata. Akainua kidole juu kama mtu aliyefunga goli. Ya pili akakosa, akasema gari limepita. Ya tatu akakosa, akasema wanabodaboda wanapumua. Mmoja wao, jamaa mnene mwenye jaketi la ngozi, akamwambia, “Omera, ndugu yangu, si useme tu hujui, tukale.” Felix akafunga macho, akaomba mara moja zaidi. Ndani, mimi nilikuwa nimetoa kwenye mfuko wangu waya ya pasi ya marehemu mama yangu, ile ya kitambaa yenye madoadoa, iliyounguzwa upande mmoja. Atieno akaniangalia kama mtu anayetaka kucheka kanisani. Tukaifunga kwa mikono, bila hata plagi. Wimbo ukapiga. Felix akatikisa kichwa polepole, mkono kifuani.

“Hiyo,” akasema. “Hiyo ndiyo dhahabu. Sikiza vile besi imekaa.”

Niliitoa nje nikaiinua juu. Sitaki kuwaeleza kelele zilizopigwa na wale majaji. Mmoja alitaka kuinunua.

Felix alicheka mwenyewe, mwishowe, na hapo heshima yangu kwake ikapanda tena. Akasema, mzee, hata mimi nilifundishwa hivyo na aliyeniletea. Pesa taslimu hangeweza, lakini dirishani alikuwa na jenereta ndogo ya elfu ishirini na saba. Tukavutana tena, mimi nikitaka jenereta na waya nyeusi na mafuta ya kuanzia, yeye akitaka jenereta pekee na niache kuinua ile waya ya pasi mbele ya wateja. Tukaishia hivi: Atieno arudishe waya za dhahabu, safi, ndani ya sanduku lake, kabla ya kufunga duka Ijumaa ya wiki iliyofuata, achukue jenereta na roli la waya nyeusi. Siku hizo ni za Atieno kuwauliza wenzake, maana mali ni ya wote; baada ya Ijumaa, waya ni yetu hadi tufe.

Hasara, ukihesabu, ilikuwa imebaki ndogo ya kumezeka. Nilirudi nyumbani nikijiona bado nina meno.

Jumamosi ya wiki ile ile, kabla ya Ijumaa ya Felix, wanawake walikuwa na kazi ya kwanza, mazishi ya mzee mmoja upande wa Kendu Bay. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ametoka Mombasa na shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Jenereta walikodi, na jenereta ya kukodi inakula kama mgeni asiyejua siku ya kuondoka. Nilienda nao nikabeba waya zangu mwenyewe, zile nyeusi za miaka yote, kwa sababu zile za dhahabu lazima zirudi safi. Sanduku lao, ambalo waliogopa kuliacha nyumbani likaibwa, tuliliweka juu ya meza, kando ya mikisa, lisije likakanyagwa.

Huyo mtoto wa kwanza akapita, akaona sanduku, akafungua. Akauliza ni nini. Atieno, bado ana uchungu, akamwambia ukweli kama mtu anayetubu: ni waya, na ni elfu thelathini na nne.

Nilidhani atacheka. Aliziinua kwa mikono miwili. Akasema zisifichwe. Akataka zitandazwe mbele pale, kwenye zulia, kando ya jeneza, watu wazione. Nikamwambia vyombo vya sauti vyote vimeshafungwa kwa waya nyingine, hizi hazijachomekwa popote. Akasema haidhuru, mzee, ziwe tu hapo. Na wewe unayenisoma, unawajua watu wetu. Katika mazishi ya huku huwezi kuketi bila kuambiwa jeneza limetoka wapi, ng'ombe ni wangapi, tenti ni ya nani na gari lililoleta mwili lilikodiwa kwa ngapi. Yule msemaji wa kipaza sauti akapewa habari, na kati ya salamu za wakwe na salamu za kanisa akatangaza kwamba baba wa boma hili anazikwa leo kwa sauti inayopita kwenye waya ya dhahabu ya shilingi elfu thelathini na nne, na yule anayebisha aje aone.

Wakaja kuona. Wamama waliinama wakazigusa kwa kidole. Mzee mmoja aliniambia kwamba tangu azaliwe hajasikia maneno ya mchungaji yakiingia sikioni safi namna ile, hata kohozi lake lilikuwa na heshima. Nikaangalia waya zangu nyeusi zikipita juu ya mti, zimejaa viraka vya gundi, zikifanya kazi yote. Na zile za dhahabu zimelala kwenye zulia kama nyoka aliyeshiba, ncha zake zote nne hewani.

Kabla hatujafunga vyombo, familia mbili zilikuwa zimemshika Atieno pembeni. Zote mbili zinataka muziki wake. Zote mbili zimesema: na ile waya. Moja imeongeza elfu tatu juu ya bei, bila kuombwa, kwa ajili ya waya peke yake.

Hapo ndipo wanawake wa Karungu walipogawanyika. Wawili wanataka jenereta, wanasema jenereta inanguruma ukweli. Watatu wanataka waya, wanasema wakiwa na waya, elfu tatu zitakodi jenereta na kubakisha. Atieno yuko katikati, na kura yake ameniletea mimi. Msimu wa omena unafungwa baada ya wiki tatu. Nilikaa chini na kalamu. Nikahesabu mara mbili kama kawaida yangu, nikapata majibu mawili.

Ningekuwa nimeamua tayari kwa upande wa jenereta, maana naijua fasheni. Leo waya ya dhahabu, mwakani mtu atatoka Kisumu na ya almasi, na hii yetu itakuwa ya kuanikia nguo pale kwenye mpera. Lakini jana kulikuja mtu.

Min Achieng, yaani Mama Achieng, ni jirani wa Atieno, wanauza omena kwenye turubai zilizopakana. Bwana yake alifariki wiki iliyopita. Alikuwa mvuvi wa kupanda mashua ya mtu mwingine, maskini wa kawaida, mtu wa kutaniwa sana na kucheka pamoja na wanaomtania. Mama huyo aliuza mbuzi. Akaja nyumbani kwangu na Atieno, akaweka pesa ya muziki juu ya meza, halafu kando yake, kwa umbali kidogo, akaweka elfu tatu nyingine.

“Hiyo ni ya nini?” nikamuuliza, na nilijua.

“Ya ile waya.”

Atieno akaangalia dirishani. Nikamwambia mama ukweli wote, kwa upole kadiri niwezavyo. Kwamba waya ile haiongezi kitu. Kwamba kule Kendu Bay ilikuwa imelala chini tu, haijachomekwa. Kwamba waya yangu nyeusi itatoa sauti ile ile, na sitamtoza hata shilingi, na elfu tatu hiyo akanunue unga wa watoto. Nilimweleza hata habari ya waya ya pasi. Alisikiliza yote, mikono mapajani. Nilipomaliza akavuta pumzi.

“Baba, mimi nimekuwa nikijua hiyo ni kamba tu,” akasema. “Kwani mimi ni mjinga?”

“Basi kwa nini ulipe?”

“Yule mtu amevaa mitumba tangu nimjue. Shati la harusi yetu lilikuwa na jina la mzungu kwa kola. Hata jeneza ni la kuazimana pesa. Nataka msemaji ashike maiki aseme kwamba Jumamosi hii, hapa Karungu, yeye pia wamemwekea.” Akazisogeza zile pesa karibu nami kwa kidole kimoja. “Ama unaona bwana yangu si wa kuwekewa?”

Mimi, niliyemshinda Felix mbele ya mji mzima, nilikaa nikaangalia noti tatu za elfu, zimekunjwa ndogo ndogo, zinanuka samaki. Atieno akasema tutamjibu. Mama akaenda akaacha pesa mezani, na hadi sasa ziko hapo, nimeziwekea kikombe juu zisipeperuke.

Leo ni Jumatano. Felix anafunga duka Ijumaa jioni, na mazishi ya Karungu ni Jumamosi asubuhi. Nikirudisha waya, wanawake sita wana jenereta kabla ya omena kufungwa, na Min Achieng atazika na waya nyeusi na msemaji asiye na la kutangaza. Nikibakisha, mume wake ataambiwa siku moja kwamba naye amewekewa, na Atieno atabaki na kamba ya elfu thelathini na nne ambayo ni kamba hadi tufe.

Waya nazijua. Uliza la unene, uliza la urefu, uliza la sumaku, nitakujibu hata nikiwa nimelala. Hili silijui, na nyinyi vijana mna akili za kisasa. Nishaurini kabla ya Ijumaa. Na mkinishauri nibaki na waya, niambieni pia la pili, maana ndilo linaloninyima usingizi: zile elfu tatu zilizoko chini ya kikombe, nizipokee kama bei, au nimrudishie yule mama? Na nikimrudishia, nitamwambia nini ili asije akadhani kwamba kwake tumeweka ya bure?